Boneti Isiyofunguliwa

Siku ya Jumapili asubuhi, kabla ya saa ya kanisa, huonekana hapa Olenguruone jambo ambalo mgeni angeweza kulisifu. Wenye magari huyatoa uani, wakateka maji, wakayaosha kwa sabuni toka paa hata matairi, wakapangusa vioo mpaka mawingu ya Mau yaonekane ndani yake. Kazi hiyo huchukua saa nzima, na aghalabu hufanywa kwa furaha. Lakini katika saa hiyo yote boneti haifunguliwi. Gari hutoka pale liking'aa kama sinia la arusi, na mwenyewe hajui kama breki zake zitamfikisha Molo.

Nabishana na desturi hii, na hasa na jibu linaloikinga. Mwulize mwenye gari huyo mafuta ya breki yake yamefika kiwango gani, naye atakujibu pasipo haya, "Hiyo ni kazi ya fundi." Jibu hilo lina sura ya heshima, maana linampa fundi haki yake. Walakini mtu yule yule ana ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, na kila alfajiri, kabla ya kukamua, hushika kiwele cha kila mmoja asikie kama kina joto au uvimbe. Hajapata kusema kwamba kiwele ni kazi ya daktari wa mifugo. Anajua kwamba daktari huitwa na yule aliyekwisha kuona dalili, na kwamba asiyetazama hana sababu ya kumwita. Kwa nini basi akili hiyo aiache zizini anapoingia katika gari?

Kama tungekaa katika nchi tambarare, ubishi wangu ungekuwa mdogo. Sisi tumo mabegani mwa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila gunia la viazi na kila mkebe wa maziwa hutoka hapa kwa njia ya vilima. Ukienda Keringet na Molo, au ukishika njia ya Silibwet na Bomet, huna budi kupanda na kuteremka. Anayetoka Molo kwenda Nakuru kwa barabara kuu hupita Sachangwan na Salgaa, majina ambayo Kenya nzima huyajua kwa misiba. Na katika miteremko hiyo wako madereva wanaotoa gari katika gia ili kuokoa petroli, wakaitwika breki peke yake uzito wote ambao injini ingesaidia kuuzuia.

Nilipata kupanda pikapu ya jirani yangu, imejaa viazi, tukielekea Molo. Katikati ya mteremko alikanyaga pedali, ikazama hata chini kama mguu unaokanyaga tope. "Mwalimu, breki zimekataa," alisema, kwa sauti ndogo mno. Alikuwa na busara ya kuingiza gia nzito na kulielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, na ukingo ukatupokea. Magunia mawili yalipasuka. Msichana mmoja mwenye sare ya shule, aliyekuwa akitembea kando ya barabara, alijitupa mtaroni, na alipotoka alikuwa na kiatu kimoja tu. Jirani yangu aliapa kwamba huo ni mkono wa shetani. Baadaye, tulipoketi juu ya viazi kungoja msaada, alikiri kwamba kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa kikipungua tangu mwezi uliotangulia, naye alikuwa akikijaza maji ya bomba.

Hapo shetani hana hatia. Breki hufanya kazi kwa sababu mafuta yaliyomo katika mabomba yake hayashindiliki. Mguu ukisukuma upande mmoja, pedi husukumwa upande wa pili. Mvuke hushindilika. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hicho chaweza kushuka hata karibu na nyuzi 140. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayakupungua. Na maji matupu? Katika kimo chetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 94. Breki zilizosuguliwa katika mteremko mrefu hupata joto kupita hilo kwa mbali. Jirani yangu alikuwa amejipikia mvuke ndani ya breki zake.

Tena kule kupungua kwenyewe kulikuwa kunasema naye. Mafuta ya breki hayanywewi na injini kama petroli. Yakishuka polepole, yamkini pedi zimelika. Yakishuka ghafula, yanavuja, na unyevu utaonekana upande wa ndani wa gurudumu au chini ya gari lilipolala. Anayejaza bila kutafuta sababu amemziba shahidi mdomo.

Naambiwa kwamba asiye fundi akigusa breki ataziharibu. Ni kweli, nami simwambii mtu yeyote afungue breki, wala aingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Natetea kutazama. Simamisha gari mahali pa sawa, injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena ukisome. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa huenda imeingiliwa na maji, na gari hilo lisisafiri kabla fundi hajaliona. Tazama maji ya rejeta katika kichupa chake, wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto, maana imewababua wengi waliokuwa na haraka. Kisha, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa na kuishikilia kwa nusu dakika. Ikiendelea kuzama taratibu, kuna mahali panapovuja, ndani au nje. Washa injini mguu ukiwa juu yake, nayo ishuke kidogo. Isiposhuka, kisaidizi cha breki kina ila. Katika mambo haya hakuna linalomshinda mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mvulana au msichana. Fundi mwema hatachukia kuletewa gari na mtu anayejua kusema linaumwa wapi. Achukiaye hilo, mimi simpelekei langu.

Wengine hudai kwamba gari ni lao, na roho ni yao. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likaparamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, na waliokufa hawakupungua 48. Sikuitaja ajali hiyo ili nitoe hukumu ya chanzo chake. Nimeitaja kwa ajili ya waliokufa. Walikuwamo wachuuzi waliotandaza bidhaa zao, watu wasio na boneti ya kufungua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka mwenye gari aliweke siku zote katika hali isiyowahatarisha wengine barabarani. Imesema siku zote, si siku ya ukaguzi tu.

Limesalia dai la nafasi. Watu wana shughuli, maziwa hayangoji, barabara ni mbovu, asubuhi ni baridi. Nalijibu kwa hesabu ya Jumapili ile ile. Kuosha gari huchukua dakika 60. Kutazama oili, maji na mafuta ya breki, na kuijaribu pedali, huchukua dakika 10. Naomba hizo 10 tu, nazo zitangulie sabuni.