Tamko la waganga wa mitishamba na waotesha miche wa Voi kuhusu chembe nano za fedha

Sisi waganga wa mitishamba, waotesha miche na wachuma majani wa Voi na vitongoji vyake tunatoa tamko hili kwa wananchi wa Taita Taveta, kwa Serikali ya Kaunti, na kwa kila mtafiti anayekuja kwetu kutafuta majani.

Wateja wanatuuliza habari za dawa ya fedha inayotokana na mwarobaini. Fedha inayosemwa ni madini, ile ya pete na bangili. Mtafiti huosha majani, huyaanika kivulini, huyasaga, huyachemsha, kisha huchuja maji yake na kuyachanganya na nitrati ya fedha. Mchanganyiko uliokuwa na umanjano hafifu hugeuka hudhurungi. Rangi hiyo ni dalili kwamba fedha imejikusanya kuwa chembe zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100, na unywele mmoja wa binadamu hufikia nanomita 80,000 hivi. Kazi ambayo kwa njia ya kawaida huhitaji kemikali kali kama borohidridi ya sodiamu, hapa inafanywa na jani lenyewe: fenoli na flavonoidi zake huipa fedha elektroni, na protini zake huzivika chembe zisishikamane.

Kwa hiyo jani lina sehemu yake katika ugunduzi, na aliyelichuma pia. Jani la kiangazi si sawa na jani la baada ya masika, wala la mti mchanga si sawa na la mti uliokomaa. Anayejua tofauti hizo ni mama aliyechuma miaka thelathini, na ujuzi wake huingia ndani ya chupa ya maabara hata asipotajwa. Wapo waliokuja, wakauliza, wakajaza magunia, wakaenda zao. Hatukuwaona tena.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 69, inaitaka Serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bayoanuwai. Kanuni za mwaka 2006 za kupata rasilimali za kijenetiki zinadai kibali na mgawo wa manufaa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ipo tangu 2016. Tunataka sheria hizi zifuatwe hapa Voi kabla gunia halijafungwa. Jina la aliyeonyesha mti liandikwe kama mwenyewe ameridhia. Matokeo yarudishwe na yaelezwe barazani kwa Kiswahili, Kidawida, Kisagala na Kitaveta, hata pale jaribio liliposhindwa. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa kwetu; tunakiomba kiwe cha kwanza kukaa nasi mezani.

Hatujasahau msandali. Ulichimbwa na mizizi yake katika vilima vyetu ukasafirishwa kwa magendo, hata Serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mshubiri wa porini nao ulikuwa umeshawekewa marufuku tangu 1986. Anayetaka majani kwa wingi aje kwenye vitalu vyetu, asiingie msituni Ngangao wala Mbololo. Tena tunawasihi watafiti wayajaribu mabaki ya mkonge wa Mwatate: katika kila jani la mkonge, nyuzi hazizidi sehemu 5 kwa 100, na sehemu nyingine zote hutupwa.

Upande wetu nao una wajibu, na hapa tunasema na wanachama wenyewe. Duara safi linaloonekana kwenye sahani ya maabara, pale bakteria waliposhindwa kuota, halijawa mgonjwa aliyepona. Fedha ina kazi zinazojulikana: krimu ya sulfadiazini ya fedha hupakwa majeraha ya moto hospitalini, na vyungu vya udongo vilivyopakwa fedha huchuja maji ya kunywa. Kunywa maji ya fedha ni jambo jingine kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa. Anayezinywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya bluu-kijivu, na rangi hiyo haitoki.

Kwa hiyo, kuanzia leo, mwanachama yeyote haruhusiwi kuchemsha, kuchanganya wala kuuza kinywaji cha fedha, sokoni Voi wala nyumbani kwake. Atakayekiuka atafutwa uanachama na jina lake litapelekwa kwa afisa wa afya ya umma.

Maabara nazo zisimwage mabaki ya fedha mtaroni, kwa maana mitaro ya mji huu huteremka hadi Mto Voi, na fedha iliyoyeyuka huua samaki na vijimea vya majini.

Daftari la wachumaji na miti wanayoitunza limeshafunguliwa kwa katibu. Mtafiti yeyote mwenye kibali anakaribishwa kulisoma, kisha aandike humo anachochukua, kiasi chake, na siku atakayorudi.

Limetolewa Voi, Kaunti ya Taita Taveta, na Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa niaba ya wanachama wote.