Kamera Haina Kizimba

Mtu akizitetea filamu za makala kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, neno la kwanza huwa kwamba kamera huonyesha kilichopo tu. Sivyo. Katika mtindo ambao mtaalamu wa filamu Bill Nichols aliuita wa maelezo, sauti ya msimulizi ndiyo hakimu. Picha inapita: ukungu wa milima ya Mbizi, kibuyu, hirizi. Sauti inasema, “Huku wanaamini.” Nani anaamini? Mahakamani shitaka bila jina la mshitakiwa halisimami hata dakika moja, lakini kwenye filamu Ufipa nzima, huku kwetu Rukwa, inahukumiwa kwa kitenzi kimoja. Na Wafipa hawahawa ndio Roy Willis, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1960, aliowaandika kwa sifa ya kupenda amani. Rukwa haijasalimika, maana watu walikatwa viungo huku mwaka 2013 na tena 2015. Hata hivyo, kesi nyingi zilitoka Kanda ya Ziwa, na ni Kahama, Septemba 2009, watu watatu walipohukumiwa kunyongwa kwa kumuua kijana mwenye ualbino.

Wengine hudai kwamba basi filamu isiyo na msimulizi ndiyo ya haki. Naipenda In the Shadow of the Sun (2012) ya Harry Freeland, iliyomfuata mwanaharakati Josephat Torner kwa miaka mingi: humo mwenye ualbino ana ubishi na mipango, si jeraha linalotembea. Lakini mtindo wa kufuatana na watu humwona yule tu anayekubali kufuatwa. Muuaji hakubali. Mnunuzi wa viungo, ambaye bila fedha zake panga lisingenyanyuliwa, hakubali kabisa.

Hapo hutajwa kamera ya siri. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara anayetaka utajiri, akaenda kwa waganga. Kwa kuwa mnunuzi hapatikani, mwandishi aliicheza nafasi yake mwenyewe, kisha vitisho vikamlazimu kujificha. Kazi ya ujasiri mkubwa. Ila kusema imethibitisha nani aliua ni kuvuka mpaka: inaonyesha kuwa biashara ya viungo ipo. Mganga kutaja bei si ushahidi kwamba alimuua fulani, usiku fulani, katika kijiji fulani.

Hoja ninayoipinga zaidi ya zote ni kwamba kuigiza tukio ni kudanganya. Katika The Thin Blue Line (1988), Errol Morris aliigiza mauaji ya polisi wa Dallas mara kadhaa, kila mara kwa kufuata maelezo tofauti, hadi mtazamaji akaona yanavyogongana. Randall Adams, aliyefungwa kwa kosa hilo, aliachiwa mwaka 1989. Kwetu hilo lingefaa sana, kwa sababu mashambulizi mengi hutokea usiku, na tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la 1980 mahakama zetu huuchukulia utambuzi wa macho kuwa ushahidi dhaifu. Hakimu huuliza: mwanga ulikuwa wa nini, umbali kiasi gani, shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Hayo yote yanaweza kuigizwa. Mwongozaji aende kijijini usiku, awashe tochi ya aina ileile, apime hatua, amsimamishe mtu mlangoni kwa sekunde zilezile alizozitaja shahidi. Ngoma za kutia hofu aziache Dar es Salaam.