Chuo cha Mayahudi wa Mbale na Kopo la Kahawa la Kasingirima

Usiku mmoja wa mbalamwezi, majira ambayo wavuvi wetu hawaendi ziwani kwa kuwa dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwa mkubwa, tulikuwa tumeketi barazani hapa Kasingirima baada ya sala ya Isha, muuza kahawa akizungusha vikombe na kashata zikipita huku na huku, nami nikawahadithia wenzangu habari za shule za Mayahudi zilizoko Mbale, nchi ya Uganda, nikamaliza kwa kusema kwamba ingefaa na sisi tuwape chochote. Mzee mmoja ambaye heshima yake mjini Ujiji haina shaka aliweka kikombe chake chini akaniambia, "Mwanangu, wewe ni Muislamu mtoto wa Muislamu, umezaliwa Kasingirima na chuo umesomea hapa hapa. Mayahudi wa Uganda wana nini nawe?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa maana jawabu halikunijia upesi. Makala hii ndiyo jawabu langu, na namwomba radhi mzee wangu kwa kulichelewesha.

Yafaa kwanza tujue watu hawa ni nani, kwani wengi wetu tukisikia Myahudi twadhani hana budi awe ametoka Ulaya au Baitul-Mukadas. Hawa ni Waafrika kama sisi, aghalabu wakulima wa kahawa, migomba na mahindi katika vilima vya Mbale chini ya mlima Elgon, na kwa Kiganda huitwa Abayudaya. Dini yao ilianzishwa na mtu mmoja, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi ya mashariki ya Uganda akitarajia kulipwa ufalme, kisha akalipwa uchifu, na huo uchifu nao ukapunguzwa kidogo kidogo hata akauchoka. Mtu aliyevunjwa moyo na wakubwa hurejea kwenye vitabu. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Taurati kwa makini, Kakungulu aliazimia kuishika hukumu ya tohara, na wenzake wa madhehebu ya Kikristo ya Malaki walipomkataza wakisema kuwa hiyo ni ada ya Mayahudi, aliwajibu kwamba ikiwa ni hivyo basi yeye tangu leo ni Myahudi. Akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Alipofariki mwaka 1928 aliwaachia wafuasi wake imani na kitabu cha kanuni alichokitunga mwenyewe kwa Kiganda, walakini shule hakuwaachia.

Na kukosa shule ndiko kulikowaponza. Katika zama zile shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na Abayudaya wenyewe husimulia jinsi watoto wao walivyotakiwa wabatizwe kabla ya kupewa darasa. Wazee wetu wa Ujiji hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo, kwani wapo miongoni mwao waliokabiliwa na chaguo lile lile, la kubadili jina wapate kalamu au kubaki na jina la baba na kukosa kalamu, na wengi walibaki na jina. Tukizungumza habari za unyonge wa Waislamu katika elimu, hatuachi kuitaja dhuluma hiyo, na ni haki tuitaje. Lakini insafu yataka kwamba mtu aliyeonja uchungu fulani autambue pia ukiwa mdomoni mwa mwenziwe.

Kisha Abayudaya wakaja kutawaliwa na Idi Amin, aliyepiga marufuku dini yao, na watu hao waliokuwa wapata 3,000 wakapungua hata wakabaki kama 300, wakisali kwa siri. Hapo ndipo penye jawabu ambalo barazani lilinipotea, nami nikalikumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani: mji wa Kampala uliangukia mikononi mwa majeshi yetu ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, tarehe 11 Aprili 1979, na magharibi ya siku ile ile Mayahudi wa ulimwengu mzima walikuwa wanaingia katika Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani mwa Firauni. Vijana wa nchi hii walikufa katika vita ile. Basi mzee akiniuliza Mayahudi wa Uganda wana nini nasi, namwambia kwamba sisi tumekwisha kuwalipia kwa damu, na ni ajabu mtu akilipa damu kisha akaona taabu kulipa shilingi chache.

Leo Abayudaya wanakadiriwa kupita 2,000. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani akapewa ijaza ya urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 wananchi wa jimbo la Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Mayahudi hata kidogo, walimchagua awe mbunge wao. Shule zao kubwa ni mbili: ya msingi iitwayo Hadassah, na ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu. Watoto wa Kiyahudi hufundishwa humo dini yao na lugha ya Kiibrania, lakini madawati hayakuwekwa kwa ajili yao peke yao; watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wa vijiji vya jirani huketi hapo pia, kwa kuwa wale waliofungiwa milango jana wameona haya kumfungia mwingine. Hapa naomba msomaji asipite haraka. Ni desturi ya binadamu aliyeonewa kujenga ukuta apatapo matofali, na mtu asiyejenga ukuta ana haki ya kutazamwa mara mbili.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana katika shule ya mafukara jiko ndilo lenye siri zote. Chakula cha mchana huko ni posho na maharage, na posho kwa lugha ya Waganda ni ugali huu huu wetu. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani akatembea kilima kizima, hasomi kwa ajili ya mapenzi ya ilmu pekee. Husoma kwa kuwa saa saba kutakuwa na sufuria. Ondoa sufuria, na utaona madawati yakipungua moja moja, kwanza ya wasichana, kisha ya mayatima, hata ukabaki na watoto ambao wangesoma popote. Wafadhili wa ng'ambo wamelifahamu hilo, na miongoni mwao ni jumuiya ya Marekani iitwayo Kulanu, neno la Kiibrania lenye maana ya sisi sote, ambayo kwa miaka mingi imesaidia ada na chakula. Lakini msaada wa mbali una udhaifu wake. Aghalabu mtu wa mbali hupenda kujenga ukumbi utakaoandikwa jina, na hamwoni mpishi wala mwalimu anayengoja mshahara. Uganda ilipofunga shule kwa sababu ya maradhi ya korona tangu Machi 2020, ikazifungua zote Januari 2022, karibu miaka miwili, shule nyingi zinazoishi kwa ada zilikuwa na majengo imara yasiyokuwa na mtu, na walimu wao wakawa wanachoma chapati barabarani. Kuta hazikuanguka, kilichoanguka ni kile ambacho hakuna aliyekiwekea jina lake.

Wala jambo la kumsomesha mtoto wa fukara si geni katika dini yao. Vitabu vyao husimulia kwamba hapo kale baba ndiye aliyemfundisha mwanawe, na asiyekuwa na baba alibaki mjinga, mpaka alipotokea kuhani mkuu mmoja katika karne ya kwanza, Yehoshua bin Gamla, akaamuru walimu wawekwe katika kila mji, na watoto wapokewe tangu umri wa miaka sita au saba. Wanazuoni wao wakaweka hata kipimo: watoto 25 mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili, na gharama iwe juu ya mji. Nimewahi kuhesabu vichwa katika darasa moja la mji wetu. Sitalitaja, maana walimu wake hawana kosa, ila nasema tu kwamba kipimo kile cha kale kingeligawa mara tano. Naye Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika dola ya Salahuddin akafariki mwaka 1204, alipanga sadaka katika daraja nane, ya chini kabisa ikiwa ni ya mtu atoaye kwa uso wa kununa, na ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kwa mkopo, ushirika au kazi kabla hajawa mwombaji. Kumsomesha mtoto wa fukara nakuhesabu katika daraja hiyo ya juu, hata kama yeye hakukutaja kwa jina lake.

Najua yatakayosemwa, kwani yamekwisha kusemwa. Yuko atakayeniambia kwamba zaka ina mafungu yake yaliyohesabiwa. Nami sikusema zaka. Nasema sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana, mwenye njaa haulizwi kibla chake. Tena kila mwanachuoni aijua habari ya mateka wa vita vya Badri, washirikina, ambao wasiokuwa na mali miongoni mwao walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, na habari ya Zaid bin Thabit, aliyeamriwa na Mtume, sala na amani zimshukie, ajifunze maandiko ya Mayahudi, akajifunza. Elimu ilivuka mpaka wa dini mchana kweupe na hapana aliyedhurika. Hata karibu nasi, jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ilipoundwa Mombasa mwaka 1945, aliyeisimamia na kuifungulia mfuko wake ni Aga Khan, mtu wa madhehebu ambayo babu zetu wa Ujiji hawakuyafuata. Shule na misikiti ikajengwa, na sikusikia mtu aliyekataa kusali kwa sababu ya saruji.

Yuko pia atakayenitajia Palestina. Huyo nitamsikiliza mpaka mwisho, maana uchungu wake naushiriki, kisha nitamwuliza kwa adabu mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbale ametuma ndege gani. Hasira ya haki huharibika ikielekezwa kwa asiyehusika. Tena tutazame na upande wa pili: hapa jirani, Rwanda, mwanamke wa Kiyahudi Anne Heyman alianzisha kijiji cha vijana mayatima huko Rwamagana, kikafunguliwa mwaka 2008, kwa mfano wa vijiji vya Israeli vilivyowapokea watoto walionusurika na mauaji ya Ulaya. Kinaitwa Agahozo-Shalom, na hilo neno la kwanza, mahali pa kufutwa machozi, Muha wa Kasulu atalielewa bila mkalimani. Hawakuwa watoto wa Kiyahudi wale mayatima wa Rwanda.

Lakini mimi si mtu wa kusafirisha huruma mpaka Mbale nikaruka kichwa cha mtoto wa Kasingirima. Maalimu mmoja wa chuo cha hapa mtaani aliniambia kwamba hana haja ya kalenda. Ajua tarehe ya mwezi kwa kutazama mikeka. Wakati wa giza, baba na kaka wakiwa ziwani na mama wakianika dagaa mchangani, mikeka hujaa watoto, na kila mmoja ana sarafu yake ya ada ndani ya ngumi. Mbalamwezi ikiingia mikeka huanza kuonekana rangi zake. Nilipokwenda, mkeka wa nyuma ulikuwa na mtoto mmoja tu, ana juzuu isiyokuwa na jalada, ameifunga kwa kipande cha kanga, na kila akisoma mistari miwili hutazama mlangoni. Nikadhani anaogopa kiboko, kumbe alikuwa anasikilizia kama nyumba ya pili wamepakua. Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana, jambo ambalo sikulipinga wala silipingi, maalimu huyo alifundisha mikeka mitupu siku nyingi. Sasa tofauti ya mtoto huyo na yule wa Mbale ni ipi, ila kwamba mmoja husoma kutoka kulia Kiarabu, na mwingine husoma kutoka kulia Kiibrania?

Kwa hiyo nimependekeza neno dogo, nami nalirudia hapa kwa wale ambao hawakuwapo. Usiku mmoja katika juma, usiku wa kuamkia Ijumaa, kila aketiye barazani atie koponi bei ya kikombe kimoja zaidi ya alichokunywa. Kopo likijaa, nusu inunuliwe unga wa uji kwa chuo cha hapa mtaani, uji upikwe siku za mbalamwezi, si siku za giza ambapo kila nyumba ina kitoweo. Nusu ya pili ikusanywe mpaka iwe kiasi cha maana, kisha ipelekwe Mbale na mmoja wa wafanyabiashara wetu waendao Uganda, iingie katika maharage na isiingie katika ukuta. Itakuwa fedha haba, na Wamarekani wametuma nyingi zaidi. Lakini watoto wa shule ile watasikia kwamba katika chakula chao cha leo mna maharage yaliyoletwa na Waislamu wa ukingo wa Ziwa Tanganyika, na jambo hilo hakuna Mmarekani awezaye kuwaletea.

Muuza kahawa amekubali. Ametoa kopo la maziwa ya unga, amelitoboa kifunikoni kwa msumari, ameliweka juu ya kisanduku chake kando ya birika. Juma lililopita lilikuwa na shilingi 4,300. Mzee wangu aliyeniuliza swali hajatia kitu bado. Ameomba kwanza ahesabiwe kilichomo.