Mnunuzi Mmoja Hana Sauti, Wengi Wana Kesi

Mfanyabiashara wa Mafiga, mjini Morogoro, anayenunua kompyuta kwa ajili ya kazi za kuchapa hununua kitu asichoweza kukipima. Gunia la mchele hupandishwa kwenye mizani. Kasi ya kompyuta husomwa kwenye kibandiko. Kibandiko kikiwa kimetiwa chumvi, mtaji umekwenda na hasara ni ya mnunuzi.

Huko Marekani, wanunuzi wa chipu za FX za kampuni ya AMD walifungua kesi mwaka 2015. Chipu hizo zilitangazwa kuwa na viini vinane. Walalamikaji walidai kuwa viini hivyo vilipangwa viwili viwili, vikitumia kwa pamoja baadhi ya sehemu za kufanyia hesabu, hivyo havikuwa vinane kamili. AMD ilikana madai hayo, lakini mwaka 2019 ilikubali kutoa dola milioni 12.1 kumaliza shauri. Mwaka 2016 Nvidia nayo, katika kesi kama hiyo, ilikubali kulipa dola 30 kwa kila kadi ya GTX 970.

Dola 30 hazitoshi kumlipa wakili. Ndiyo maana ya kesi ya pamoja: figa moja haliinjiki chungu. Madai madogo yakikusanywa, hata kampuni kubwa huona heri kupatana. Wawekezaji nao wajue kuwa tangazo lililotiwa chumvi ni deni lisiloonekana kwenye hesabu mpaka siku ya kulipwa.

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai nayo, katika Amri ya 1, kanuni ya 8, inaruhusu mtu mmoja, kwa idhini ya mahakama, kushitaki kwa niaba ya wenzake wenye maslahi yaleyale.

Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haina la kusema mbele ya hakimu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi adai risiti itaje aina ya prosesa, idadi ya viini, ukubwa wa kumbukumbu, na kama mashine ni mpya au ya mtumba. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kuandika. Anayekataa kuandika anachokitangaza, fedha zisimfikie.