Wapangaji wa Voi wanahitaji ulinzi wa kweli

Anayetafuta chumba cha kupanga katikati ya mji wa Voi, karibu na soko na steji, mara nyingi huishia kwenye majengo ya zamani. Kodi huwa nafuu kuliko ya majumba mapya, lakini unafuu huo huja na paa linalovuja, nyaya za umeme zilizochakaa na mifereji mikavu. Suala la maji ndilo linalotuuma zaidi: bomba la maji la chemchemi za Mzima linapita katika kaunti hii kuelekea Mombasa, ilhali wakazi wa Voi wananunua maji kwa mtungi.

Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inamlinda tu anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati, na Bunge lina wajibu wa kukiinua, kwani Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi bora. Serikali ya kaunti nayo iyakague majengo haya kabla hayajaua mtu.

Nawe mpangaji, usitoe dipoziti kabla ya kuona maji yakitoka mferejini, na usiondoke bila risiti.