Majibu ya macho yasingoje wiki ijayo

Hapa Busia miwani ya kusomea huuzwa kando ya barabara pamoja na soksi na betri za redio. Mteja hujaribu jozi moja, ya pili, ya tatu, na ile inayomwezesha kusoma maandishi madogo ndiyo anayoinunua. Sina ugomvi na wauzaji hao. Kwa sisi tuliopita miaka 40, miwani hiyo mara nyingi husaidia.

Ugomvi wangu ni na imani iliyoenea kutoka Sofia hadi Marachi kwamba macho yakififia dawa ni miwani, na miwani ikishindwa basi ni mtoto wa jicho, atatolewa Tororo na mambo yaishe. Kweli, hospitali ya macho ya Benedictine mjini Tororo imewarudishia wengi nuru kwa upasuaji huo. Lakini si kila giza ni mtoto wa jicho.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuupeleka habari kwenye ubongo. Mtu akiwa na kisukari kwa miaka mingi, mishipa midogo ya damu katika utando huo hudhoofika, huvuja, na mwishowe hutoa damu ndani ya jicho. Presha huongeza madhara. Mwanzoni hakuna maumivu, na mgonjwa huendelea kuhesabu pesa zake vizuri. Akija kuona ukungu, mara nyingi sehemu iliyoharibika haiponi tena. Miale ya leza, sindano za ndani ya jicho na upasuaji huzuia uharibifu usiendelee, lakini havifufui kilichokufa.

Afrika Mashariki ina wataalamu wa ugonjwa huu, ingawa ni wachache. Mmoja wao ni Dkt Wanjiku Mathenge, Mkenya aliyebobea katika maradhi ya retina. Mwaka 2007 na 2008 aliongoza uchunguzi wa macho wilayani Nakuru, ambapo watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya uzamifu kutoka London School of Hygiene and Tropical Medicine. Ilionyesha kwamba miongoni mwa wenye kisukari, zaidi ya thuluthi moja tayari walikuwa na dalili za uharibifu kwenye retina. Tena hao hawakuwa watu wa Ulaya, bali wakulima na wachuuzi kama sisi.

Baadaye daktari huyo alivuka mipaka akaenda kufanya kazi Kigali, katika taasisi ya mafunzo ya macho ya Rwanda International Institute of Ophthalmology. Mwaka 2022 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki za kisukari nchini humo. Wagonjwa wote walipigwa picha za retina. Kundi moja lilipewa majibu papo hapo, picha zikiwa zimesomwa na programu ya kompyuta. Kundi la pili lilingoja siku kadhaa wataalamu wazisome. Miongoni mwa walioelekezwa waende kwa daktari wa macho, waliokwenda katika kundi la kwanza walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Katika kundi la pili walikuwa kama 40 katika kila 100.

Msomaji, hebu pima jambo hilo kwa maisha ya mpakani. Mama anayeuza nguo kuukuu leo yuko Busia, kesho Tororo, keshokutwa Mbale. Ukimwambia arudi wiki ijayo kuchukua majibu, umemwambia apoteze siku ya soko na nauli juu yake. Mwalimu mwenzangu, mgonjwa wa kisukari, alipigwa picha za macho katika kituo ambacho sitakitaja, akaambiwa arudi baada ya siku saba. Siku saba zikaangukia wakati wa mitihani, kisha zikawa miezi. Leo anasahihisha madaftari kwa jicho moja.

Sisi tuliosoma uhamishoni Kenya kisha tukarudi Uganda tuna tatizo jingine. Faili ya mtu iko Kakamega, nyumba yake iko Tororo, na barua ya daktari wa upande mmoja hutazamwa upande wa pili kana kwamba imetoka mwezini. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi hapa Busia mwaka 2018, mizigo hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Iweje lori la saruji lipate heshima hiyo na jicho la binadamu likose?

Wapo watakaosema kamera ni ghali na madaktari wa retina hawatoshi. Hilo la pili ndilo hoja yangu. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kupiga picha, na daktari akabakiziwa wale wanaohitaji mikono yake. Naziomba hospitali za Busia, Masafu na Tororo ziweke upimaji huu ndani ya kliniki za kisukari, majibu yatolewe siku hiyo hiyo, na barua ya rufaa ikubalike pande zote mbili. Pia pawe na mahali pa kutibiwa palipo karibu, kwani picha bila matibabu ni habari mbaya tu.

Nasi tusikae tukiingoja serikali. Mwenye kisukari aombe kupimwa nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Siku hiyo aende na mtu wa kumrudisha, maana dawa ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, na asiendeshe bodaboda. Anayeona ghafla vimulimuli, vitu kama nzi vikielea, au pazia jeusi likishuka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mzigo uliokamatwa mpakani waweza kukombolewa hata baada ya mwezi, lakini retina iliyokufa haina faini ya kuikomboa.