Si Kila Mlango wa Ng'ambo Uko Wazi Kwetu

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wenzangu, siku hizi ukipita bwenini baada ya prepu utasikia gumzo moja tu: ng'ambo. Huyu anataka Kanada, yule Australia. Gumzo jipya ni la Nyuzilandi. Ati kuna viza ya likizo na kazi, unaenda mwaka mzima, unalinda ndege na misitu msimu wa kiangazi, unalipwa, na unatembea nchi ya watu! Nani asingetamani?

Hebu tuseme ukweli. Viza hiyo ipo, si uwongo. Hutolewa kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, na kwa nchi chache hadi 35. Kazi pia zipo. Nyuzilandi ina Idara ya Uhifadhi iliyoundwa mwaka 1987, na kila kiangazi, yaani Desemba hadi Februari, huhitaji watu wa kutunza vibanda vya wapanda milima, kung'oa magugu na kutega mitego. Lakini viza hiyo ni mapatano ya nipe nikupe kati ya serikali mbili. Nyuzilandi imepatana na nchi zaidi ya 40, na Kenya haimo. Australia nayo ina orodha zake. Humo pia hatumo.

Mbona basi kuna watu wanaotuuzia? Hapo ndipo penye kidonda. Ajenti anakuja na suti yake na fomu za rangi, anamwambia mzazi alipe "pesa ya kushikilia nafasi". Mzee anauza ng'ombe, mama anakopa katika chama chake cha akina mama. Miezi inapita, simu ya ajenti haishikwi. Pesa imeenda, ng'ombe ameenda, na kijana yuko pale pale. Huo si ujanja, ni wizi wa mchana!

Maoni yangu ni kwamba kila mwanafunzi ajue mambo matatu kabla hajamwomba mzazi hata shilingi moja. Kwanza, orodha ya nchi zinazokubaliwa hutolewa na serikali inayotoa viza, wala si siri ya ajenti. Pili, hapa kwetu ajenti wa kazi za nje sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwulize, na ukague mwenyewe. Tatu, sheria ya Nyuzilandi inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi pesa ili ampe kazi. Mkenya anaweza kwenda huko kwa viza ya kawaida ya kazi, akiwa na mwajiri aliyeidhinishwa na ujuzi unaohitajika. Ukiambiwa "lipa kwanza kazi baadaye", kimbia!

Wapo watakaosema, "Lakini si haki! Vijana wa Ulaya wanakuja kwetu kujitolea mbugani na kupanda miti, sisi tunafungiwa mlango." Naam, nakubaliana nao kabisa. Serikali yetu iketi mezani na nchi hizo, idai mapatano kama ya wenzetu. Lakini siku mlango ukifunguliwa, tutaingia na nini mkononi? Kazi ya uhifadhi haitaki shati safi na Kiingereza cha puani. Inataka mtu anayejua mmea, mnyama na shoka.

Na ujuzi huo uko hapa hapa. Katika miaka ya 1880 Nyuzilandi ilileta stouti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ili ale sungura waliokuwa wakimaliza malisho. Akageukia makinda ya kiwi, ndege wao asiyeruka. Mwaka 2016 serikali yao ilitangaza kwamba inataka kummaliza pamoja na panya na posamu ifikapo 2050. Sasa tazama Baringo. Katika miaka ya 1980 mathenge ulipandwa huko kuzuia jangwa na kutoa kuni, nao ukaziba malisho na njia. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, wakafika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo aliyeharibiwa meno na matunda yake! Si ni tatizo lile lile? Mgeni alikaribishwa kutibu ugonjwa, akawa ndiye ugonjwa.

Kijana aliyekata mathenge Baringo, aliyepambana na gugu maji Kisumu, au aliyepanda mikoko Gazi kule Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya ukaa na kupata pesa za maji na shule, huyo ana la kumwambia mwajiri yeyote duniani. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianza na miche mwaka 1977. Mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel.

Kwa hivyo naomba chama chetu cha mazingira kiache kungoja Siku ya Miti peke yake. Tuwe na kitalu, tuandike rekodi ya kila mche, tuwaalike maafisa wa misitu watufundishe. Ng'ambo ikija, ije itukute tayari. Isipokuja, hatutakuwa tumepoteza ng'ombe. Usiache mbachao kwa msala upitao.